Mita ya Nyumba Tupu

Tulipopata nyumba Hounslow, nilihofia zaidi kuupoteza mkataba wangu wa umeme. Kule Thamesmead, tulikokuwa tukikaa, nilikuwa nimeingia mkataba wa bei isiyopanda, na baridi ilikuwa mlangoni. Nikaipigia simu kampuni. Dada aliyepokea akasema mkataba unaweza kuhama pamoja nami, mradi niwasomee mita ya nyumba mpya siku nitakapokabidhiwa ufunguo.

Siku hiyo nilikwenda peke yangu mchana, na ndoo na ufagio. Binti yangu alikuwa shule. Mita niliikuta kabatini chini ya ngazi, nikampigia yule dada, nikamsomea. Akaniomba nirudie.

"Samahani, anaishi nani humo?"

"Hakuna mtu. Mwenye nyumba amesema imekaa tupu tangu mama yake afariki."

"Basi kuna mtu anatumia umeme. Mita imetembea sana tangu tufunge akaunti ya marehemu."

Nilimwambia nitampigia tena. Nikapita chumba kimoja kimoja. Vyote vilikuwa baridi, mpaka nilipofika chumba cha nyuma. Nikaigusa hita. Ilikuwa bado na uvuguvugu.

Nilikuwa nachukua koti langu niondoke, nikasikia ufunguo ukizunguka mlangoni.

Aliingia mzee wa Kihindi, mwembamba, ameshika chupa ya maziwa. Akanipita kana kwamba sipo, akaenda jikoni, akawasha birika. Mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akajibu. Ndipo akashtuka, akageuka. 

Akanieleza kuwa ni mzaliwa wa Tanga, baba wa mwenye nyumba. Mkewe alifia chumba cha nyuma. Baada ya mazishi mwanawe alimchukua wakaishi pamoja Croydon, na kila mara mwanawe alipokwenda kazini, mzee alipanda basi akarudi huku.

"Wewe ndiye mpangaji?"

"Ndiyo, mzee."

"Hakuniambia kama ameipangisha."

Akamimina chai, akaipeleka kule nyuma, akaketi sakafuni karibu na hita. Nilisimama mlangoni, nisijue niingie au nimwache.

"Nyumba ikipoa," akasema, "atadhani tumehama, tumemwacha."

 Akaniuliza nani atalala pale. Nikamwambia binti yangu.

"Vizuri. Alipenda watoto." Akafikiri. "Lakini mtoto usimwambie."

"Sitamwambia. Na wewe mzee, karibu wakati wowote."

Alisuuza kikombe chake, akakifuta, akaacha ufunguo mezani. Hakuniaga. Nilipompigia tena yule dada, nilisema aliyekuwa akitumia umeme ameshaondoka. Hakuuliza zaidi, na mkataba wangu ukahama.

Binti yangu analala fofofo chumba kile. Asiyelala ni mimi. Nikienda kumfunika, hukohoa kwanza nje ya mlango, kama mtu anayebisha hodi kwa mkubwa wake. Hita siizimi.

Mzee hakuja tena. Ila siku moja ya theluji nilichungulia dirishani nikamwona ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha basi, akiitazama nyumba. Nikampungia mkono. Hakuninyanyulia wake. Nikatoka mbio na kandambili, lakini nilipovuka, basi lilikuwa limekwisha kumchukua, na benchi alipokuwa ameketi lilikuwa limejaa theluji, halina alama ya mtu.