Mtoto Asiyeamkia Watu

Kutoka kambini kwetu, kambi ya wafanyakazi wa mkonge Ngombezi, mpaka darasa la awali si mbali, ila mimi nilikuwa nafika hoi. Si miguu iliyonichosha, ni salamu. Njia nzima ni watu wazima: wanaume wanaokwenda zamu kiwandani, mama wa vitumbua, babu mstaafu anayekaa mlangoni kila asubuhi kama karani wa kupokea shikamoo. Na mwanangu wa miaka minne haamkii mtu. Akiona mtu mzima anajibana nyuma ya kanga yangu, anauma pindo, kimya.

"Leo hatuamkiwi?" watauliza. "Au mama yako hajakufundisha?"

Jamani, hilo la "mama yako" ndilo lililokuwa linanimaliza. Mimi nina mdomo, sikatai; utotoni nilikuwa naamkia hata wapita njia wasionijua. Basi namvuta mtoto mbele, "Sema shikamoo! Sema!" Machozi yanatoka, shikamoo haitoki. Nikimwacha shuleni naenda zangu kuanika nyuzi za mkonge juani, nimeshachoka kabla kazi haijaanza.

Mwalimu wake alikuwa mama mtu mzima, sauti imemkauka kwa kuimbisha watoto. Siku moja aliniambia nisiondoke, nisimame dirishani nione. Wenzake wanaimba na kuruka, mwanangu amesimama kizingitini. Mwalimu hakumwita. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na mwanangu akaingia mwenyewe, akatafuta nafasi yake, baadaye akawa anapiga makofi na wenzake.

"Huyu anatazama kwanza," mwalimu akaniambia. "Si kiburi, wala si ugonjwa. Ndivyo alivyo. Ukimsukuma anajifunga. Mwambie mapema mtakutana na nani, halafu amkia wewe, yeye atoe mkono tu. Maneno yatakuja."

"Yatakuja lini, mwalimu?"

"Hilo sijui, mama."

Nilikasirika. Nilitaka dawa, napewa kusubiri, na nguvu ya kusubiri naitoa wapi? Lakini nilijaribu, maana hata kugomba kulishanishinda. Tukitoka nyumbani namwambia: sasa tunampita babu, halafu mama wa vitumbua. Babu namwamkia mimi, mtoto ananyoosha vidole tu. Mwanzoni babu aligoma kupokea mkono usio na shikamoo, akanuna, mwishowe akazoea. Kisha asubuhi moja, mbele ya mama wa vitumbua, nikasikia "shikamoo" nyembamba ajabu. Mama yule akasahau vitumbua vyake, vikaungua upande mmoja. Mimi nilitamani kupiga vigelegele, nikajizuia, maana mwalimu alinionya nisimfanyie sherehe.

Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja kutoka Kwamsisi, bila taarifa, na mahindi mabichi na kuku. "Mke mwenzangu yuko wapi?" aliita kwa furaha tangu uani, akimtania mjukuu wake. Mke mwenzake akaingia uvunguni mwa kitanda, hakutoka mpaka bibi alipokwenda kuswali.

Siku ya kwanza bibi alicheka. Ya pili alinuna. Iliyofuata akatoa hukumu: "Mtoto ana kiburi huyu, mmemdekeza. Naondoka naye. Kwamsisi hakuna mtoto asiyeamkia watu. Nitamnyoosha."

Unyooshaji wake naujua, nimeushuhudia kwa watoto wa mawifi zangu. Mtoto anasimamishwa mbele ya wageni mpaka aseme, fimbo iko pembeni. Na yule mwalimu je, na mkono tulioanza kuunyoosha kidogo kidogo? Vyote vingeishia hapo.

Nilikuwa na maneno ya kujaza ndoo, yote yakaniishia. Mama mkwe habishiwi. Na niseme kweli, nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nusu ya moyo wangu ilisema, mwache aende, upumzike. Nikakunja magauni ya mtoto, nikamkabidhi bibi, akayatia kwenye begi lake. Mtoto alikuwa ananitazama tu. Hakulia. Afadhali angelia.

Mume wangu akatoka ndani amevaa nguo za kazi. Ni mtu wa maneno machache, na mbele ya mama yake hata hayo machache hana. Nilijua ataaga na kuwahi zamu. Akasimama, akalitazama begi, akatazama chini.

"Mama," akasema, "mimi ulininyoosha."

"Ndiyo. Na ukanyooka."

"Nilinyooka. Naamkia kila mtu. Lakini mpaka leo, mama, mkubwa akinikemea kazini nalowa jasho, siwezi kumjibu hata nikiwa nimeonewa. Na hapa ninavyosema na wewe, magoti hayatulii. Niangalie."

Mama mkwe akamwangalia mwanawe, mwanamume aliyeanza kuota mvi, anatetemeka uani kwake mwenyewe. Akainama, akafungua begi, akaanza kuyatoa magauni moja moja na kunirudishia.