Nondo wa Madoa Mekundu Katika Mitoo ya Dolphine

Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025, saa moja asubuhi. Mvua ya usiku imekatika na jua jepesi linaangaza shamba la Dolphine Awuor, karibu na soko la Rodi Kopany. Ameinama kwenye mstari wa mitoo, mboga ya majani machungu, akiokota viwavi kutoka kwenye maganda na kuwatia katika sufuria kuukuu.

Mdudu mdogo anaruka mbele ya mkono wake: mabawa meupe yenye madoa mekundu na meusi.

"Huyo ndiye mama yao," anasema akicheka. "Utadhani anaenda harusi Oyugis."

Ni nondo, lakini hangoji giza. Huruka mchana kweupe, bila haraka. Viwavi wake hula majani, kisha hutoboa maganda mabichi na kumaliza mbegu. Uchungu wa mitoo hubaki mwilini mwao hata wakishaota mabawa, na ndege huwaepuka.

"Sisi uchungu tunaupunguza kwa maziwa," asema Dolphine. "Yeye anauvaa."

Mboga humpa shilingi mia sita siku ya soko zuri. Msimu huu alipanda kikombe cha mbegu alichoazima kwa Risper, mke wa shemeji yake. Kwao, mbegu ya kuazima hurudishwa ikiwa mbegu, kabla mwenyewe hajapanda.

Kosa ni lake. Kwa tamaa ya soko aliikata mitoo yote, akaacha mstari mmoja tu uchanue na kutoa mbegu. Nondo wote wakahamia hapo. Dawa hataki kunyunyiza, kwa kuwa majani ya shamba hilo huliwa na watu.

"Nyieka, si uwape kuku!" Risper anaita kutoka uani, kwa neno wanaloitana wake wa ndugu.

"Nimempa jogoo wako, yule anayekula hata sabuni. Ametema, akafuta mdomo chini!"

Risper anacheka hadi anashika kiuno. "Basi lete pesa, yaishe."

"Pesa sileti. Utapata mbegu."

Anabeba sufuria hadi kwenye ua, penye mitoo mikongwe isiyo na mnunuzi, na kuwamwaga viwavi huko. Kila asubuhi hurudia.

Septemba, mawingu yakianza kukusanyika, maganda yaliyosalia yanapurwa. Nondo wanarukaruka uani. Dolphine ameamua kuwaachia ile mitoo mikongwe ya uani kila msimu.

Risper analeta kikombe kile kile. Dolphine anakijaza. Risper anakigonga ili mbegu zishuke. Dolphine anaongeza mpaka zinafanya kichuguu.

"Bado unanidai?" Dolphine anauliza.

"Sikudai, nyieka. Ondoa mkono, zinamwagika!"