Rafiki wa Steringi

Majani mabichi ya mgomba yakikatwa karibu nami, hata kama ni ya kulisha ng'ombe tu, harufu yake hunirudisha Laare, uani kwetu, baba akipakia miraa kwenye pikapu. Vifurushi vilifungwa kwa majani hayo, yakichuruzika maji.

Nilikuwa na elimu moja ya uhakika, niliyoipata kwenye kibanda cha video sokoni. Steringi, yule shujaa wa filamu, hafi. Anayekufa ni rafiki yake, na hafi hivi hivi. Kwanza hutabasamu, hutoa picha ya mtoto wake mfukoni, halafu husema akirudi nyumbani atafanya hili na lile. Akishasema hivyo, sisi watoto kwenye mabenchi tuliguna, maana tulijua huyo amekwisha.

Basi siku moja baba akafunga turubai, akaniinamia. "Nikitoka Nairobi nitakuletea viatu vya..."

Nilimziba mdomo kwa mikono yote miwili. "Usiseme, Baba! Usiseme utarudi!"

Alicheka hadi akaegemea gari. Mama akasema, "Huyu mtoto ameharibiwa na video."

Lakini nililia hivyo kila safari, mpaka baba akakubali, ili tu nyumba iwe na amani, kwamba hatakuwa akiniahidi chochote.

Mara ya mwisho nilipomwona, aliingia garini kimya. Aliweka kidole mdomoni, akanikonyeza, akaondoka kwa ile kasi ya madereva wa miraa, wanaokimbiza mzigo usije ukanyauka njiani. Nami nikarudi kucheza, roho imetulia kabisa.