Katuni ya Kijapani iliyomfanya binti yangu aongee tena, Buruburu miaka ya tisini

Wakuu, salamu kwenu. Mimi ni mwana wa Mutiso na Kamene, nilizaliwa Wamunyu, Ukambani. Sikuingia darasa lolote. Anayeandika ni mjukuu wangu, nami nimemwonya: asiongeze chumvi, wala asipunguze.

Tulikuwa tukiishi Buruburu, nikichonga vinyago. Mke wangu Kalekye akafariki. Binti yetu Mwende, mwenye miaka kumi, akanyamaza. Akiulizwa jambo, alitikisa kichwa tu. Mwalimu alilalamika, mchungaji akaomba, mtoto akabaki kimya.

Jirani yetu, Mama Salim, alikuwa na video. Jumamosi moja alituita: mwanawe baharia alikuwa ameleta kaseti ya katuni ya Kijapani. Watoto wa mtaa wakajaa sebuleni.

Sauti zilikuwa za Kijapani, na maandishi ya Kiingereza yakipita chini.

"Zii, hakuna hata mtu anapigwa," mmoja akasema. Wakatoka mmoja mmoja, wakaenda kucheza mpira.

Sikuwashangaa. Kwetu katuni ilikuwa ya kuchekesha. Hii ilimwonyesha msichana aliyefiwa na mama, akifagia nyumba peke yake.

Nikamwambia Mwende, "Nisomee. Mimi naona michoro tu." Niliagiza, sikubembeleza.

Akakohoa. Akaanza kusoma, akinigeuzia kwa Kiswahili, polepole, sauti ikikwaruza kama bawaba iliyokaa bila mafuta.

Msichana wa katuni akavua viatu mlangoni, akapiga magoti mbele ya picha ya marehemu.

"Anasema, 'Mama, nimerudi,'" Mwende akasoma. Kisha akaacha kusoma. "Baba, sisi hatumwambii."

Akalia. Mama Salim akasimamisha kaseti, akamfunika kwa leso yake.

"Mwache alie, Baba Mwende. Yalikuwa yamemkaa hayo."

Tangu jioni ile, tukifungua mlango tulimsalimu Kalekye kwanza. Wapo wa kanisani walionong'ona. Niliwaacha wanong'one, mtoto wangu alikuwa anaongea.

Funzo langu, wakuu: waliochora hawakutujua, lakini msiba waliujua. Msikidharau kitu kwa kuwa kimechorwa. Nanyi mlioziona katuni hizo enzi zile, semeni mlizipokeaje nyumbani kwenu.

Nawe mjukuu unayeandika: kaseti ile iliota ukungu, usiitafute. Shika salamu. Siku nitakapokuwa sipo, ukiingia nyumbani niambie umerudi. Usiseme kwa kifupi. Nieleze ulikotoka, na kama umekula.