Nilijitia Zinki Puani, Jirani Akabebeshwa Kosa Langu

Ndugu zangu, mwenye kosa ni mimi! Kijiji kizima kinamnyooshea kidole mtu mwingine, nami nimekaa kimya.

Ni binti wa miaka ishirini na tatu, huku Gorong'a, Tarime. Nyumbani tunapokea maziwa ya majirani na kuyauza. Kazi yangu ni kufungua kila dumu na kunusa kabla ya kumimina kwenye keni kubwa. Miaka mitatu sikukosea hata mara moja, na nilijivunia hilo kupita kiasi.

Msimu wa baridi mafua yakanishika. Binamu yangu wa upande wa Kenya akaniletea sirapu ya tunda liitwalo elderberry na tembe za zinki.

"Unamung'unya tu," akanicheka. "Usijifanye daktari!"

Mimi nilitaka yaishe siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimejisomea kwenye simu kwamba virusi hukaa puani. Sasa kwa nini dawa ipitie mdomoni? Nikasaga tembe, nikachanganya na maji, nikachuja mara mbili, nikajidondoshea puani kwa bomba la sindano. Jamani, ule moto! Nikarudia siku tatu, kila siku kwa saa zilezile.

Mafua yakaondoka. Harufu nazo zikaondoka.

Ugali ukiungua, sisikii. Zizi la ng'ombe, sisikii. Nikamficha mama, maana nani angeniachia maziwa? Nikaendelea kuinamia madumu nikijifanya nanusa.

Asubuhi moja akaja jirani yetu mjane, Mzee Marwa, na lita tatu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nusa vizuri mwanangu, dumu hili nimeazima."

Nikainama. "Safi kabisa!" Nikamimina.

Kabla ya saa sita mteja wetu mmoja alikuja mbio na mtoto mgongoni; mtoto anatapika, jasho na mate vinamtiririka. Mama akafunua keni, akaruka nyuma.

"Dawa ya kupe! Wewe, hukusikia harufu?"

Mungu anisamehe! Nikajibu, "Mzee Marwa alimimina mwenyewe. Hakusubiri ninuse."

Kumbe dumu lile la kuazima lilikuwa limewekewa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Mtoto alilazwa, akapona. Lakini Mzee hasalimiwi tena. Wanasema alitaka kutuua. Juzi tumekuta ng'ombe wake wawili wamekatwa mapanga. Jana alipita kwetu, akaniangalia, akaendelea na njia yake. Anajua!

Jumamosi wazee wanakaa kuamua kama ahamishwe. Kila asubuhi naapa kwamba nitasimama niseme ukweli, kila jioni naahirisha hadi kesho.

Ninyi mnaonunua zinki madukani, fuateni maelezo ya dawa. Msiitie puani! Mafua hayo yangeondoka yenyewe. Na harufu ikikupotea, sema siku hiyo hiyo, hata kama utafukuzwa kazi.

Leo ni Alhamisi. Vijana wamepita hapa mchana wakielekea kwa Mzee, mapanga mikononi.