Kope za Kanyere

Mwaka ule wa themanini na tatu, pale Bunia, mwanamke mzee mwenye macho mekundu hakungoja kesi. Hukumu ilikwisha kukatwa: mulozi, mchawi. Na macho ya Kanyere yalikuwa mekundu kweli. Kila alfajiri aliamka kope zimegandana, akabandua ukoko kwa kucha, kisha akaenda kupuliza moto wa mandazi yake ya kuuza, moshi wote usoni.

Wateja kupungua angevumilia. Kilichomkata maini ni Mbambu, mjukuu wake. Mkwe wake Adeline, mama wa mtoto, hakumpa nafasi ya kumbeba. Mtoto akilia, Kanyere akinyoosha mikono, Adeline ana sababu tayari: "Acha tu, mama, iko na usingizi." Iko na usingizi, iko na njaa, iko na homa! Mtoto gani huyo asiye na saa ya kubebwa na bibi yake? Kanyere alijua kiini chake. Masika, mtoto wa kwanza wa Adeline, alikufa kwa surua mikononi mwa Kanyere, na tangu hapo Adeline alimtazama kwa pembeni.

Naye Kanyere si malaika. Alimshuku mkwewe vilevile. Siku moja alinusa taulo yake mwenyewe ya uso, akaionja kwa ncha ya ulimi, akitafuta pilipili ya Adeline. Hakuikuta. Akaifungia sandukuni hata hivyo, na macho yakazidi kuwasha.

Mwishowe mwanawe Rémy alimkokota mpaka dispensari. Munganga Floribert akamgeuza kope karibu na dirisha.

"Mama, jicho iko muzima. Kope ndiyo iko mugonjwa. Hapa kwenye ukingo, mafuta inaziba njia yake. Chemsha maji, ngojea ipoe kidogo isikuunguze, lowesha kitambaa safi, funga macho, weka juu. Ikipoa, lowesha tena. Kisha safisha ukingo polepole na maji na sabuni kidogo ya mutoto. Kila siku. Hata ukiona umepona usiache, maana hii ugonjwa inapenda kurudia. Na moshi, uikimbie."

"Na sindano?"

"Hakuna sindano."

Aka! Munganga gani asiyetoa sindano? Kanyere alirudi nyumbani akinung'unika.

Lakini alijaribu, na hapo ndipo alipoharibu. Kwa haya, alijificha. Kabla watu hawajaamka aliketi jikoni, sufuria inafuka mvuke mbele yake, uso umefunikwa kitambaa cheupe, kimya. Sasa niambieni, jamani: mwanamke mzee, macho mekundu, sufuria, kitambaa, giza! Adeline alipochungulia mlangoni, alipiga yowe lililoamsha mtaa mzima.

"Nilisema! Si nilisema mimi!"

Kabla jua halijawa kali alishamfunga Mbambu mgongoni, akaenda kwa kaka yake kwenye mji wa Marabo.

Kanyere alilia, kisha hasira ikamkausha machozi. Kesho yake alitoa kiti na sufuria nje, katikati ya kiwanja, mchana kweupe.

"Karibuni, muje muangalie ulozi!" aliwaita wapita njia. "Ni maji! Muonje!"

Walicheka. Jirani yake, Mama Scholastique, alionja kweli. Kidogo kidogo ukoko ukaisha, wekundu ukafifia, mandazi yakauzika tena. Lakini nyumba haikuwa na sauti ya mtoto, na hilo lilimuuma kuliko macho yalivyowahi kumuuma.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, Kanyere akiwa kwenye kiti chake, Adeline aliingia kiwanjani, kitenge kimeshushwa mpaka kwenye nyusi, Mbambu mgongoni. Alipokiinua, kope zake zilikuwa zimevimba, nyekundu, zimeshikana kwa wanja aliolala nao kila siku bila kunawa.

"Mama," alisema, akitazama chini. "Kule Marabo, muke ya kaka yangu anakataza mimi kubeba batoto yake."

Kanyere alimwangalia. Maneno yalimjaa mdomoni, na yote yalikuwa ya haki yake. Aliyameza kwa shida. Akarudisha sufuria motoni, akafua kitambaa kipya, akasogeza kiti.

"Ikaa," alisema. Adeline alipotaka kuketi, mzee akashika mgongo wa kiti.

"Lakini lete mutoto kwanza."

Adeline akafungua kitenge cha mgongoni.