Steringi Mwenye Jembe

Nilirudi Sumbawanga miaka ya ruksa, wakati bidhaa zilipoanza kuonekana madukani na mtu akaweza kununua sabuni bila kujuana na mwenye duka. Nilirudi na vitu vitatu ambavyo pale mtaani kwetu Kizwite hakuna mwingine aliyekuwa navyo kwa pamoja: stashahada ya ufundi wa umeme, televisheni ya inchi kumi na nne, na deki ya video. Stashahada niliitafuta Dar es Salaam, mchana darasani, jioni nikibeba mizigo sokoni. Televisheni na deki vilivushwa kutoka Zambia na kufika kwangu vimefungwa ndani ya godoro. Hakuna mjomba aliyenisomesha wala padri aliyenidhamini. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na ukweli wa namna hii usipousema mwenyewe, hakuna atakayekusemea.

Kitu cha nne nilichorudi nacho sikukitangaza. Nilikuwa napenda katuni.

Ugonjwa huo nilianza nao utotoni. Karanga za kukaanga zilikuwa zikifungwa kwenye vipande vya magazeti, na siku moja kipande changu kilikuwa na michoro: mtu mwenye pua kama muhogo anakimbizwa na mbuzi, na maneno yake yamefungiwa ndani ya wingu dogo juu ya kichwa. Kipande kilichanika kabla mbuzi hajamfikia. Nilinunua karanga pale pale kwa muda mrefu sana nikitafuta kipande kilichobaki, na mwenye karanga aliamini ni mapishi yake. Mpaka leo sijui kama mbuzi yule alimpata. Nikiwa shuleni nilimchorea miisho sita tofauti kwenye daftari la hesabu, na mwalimu akanichapa kwa kila mmoja.

Dar es Salaam niliyakuta magazeti mazima ya katuni, yenye ukurasa wa mwisho. Nikakuta na vibanda vya video, ambako katuni zilikuwa zinatembea. Lakini kule vibandani sikuwa na wenzangu wengi. Watu walitaka picha za ngumi. Walitaka steringi. Kwa asiyejua, steringi ni yule mtu mkuu wa picha, na sheria yake ni moja, inajulikana kuanzia Dar mpaka Kasanga: steringi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa kamba, kutupwa mtoni, lakini mwisho wa picha lazima ashinde, na asiposhinda watazamaji wanadai haki yao kwa mwenye kibanda.

Mimi niliona katuni zimewazidi hao masteringi wote. Kwenye katuni mtu anaanguka kutoka mlimani, anakuwa bapa kama chapati, anajikung'uta, anaendelea na safari. Baruti inamlipukia usoni na kinachoungua ni masharubu tu. Nimekulia kwenye matuta ya Ufipa, ambako mvua ikichelewa kidogo nyumba nzima inabadili mlo. Dunia ambayo hasara yake haidumu hata dakika moja ilinipumzisha kuliko usingizi. Nilikuwa nacheka mpaka machozi, peke yangu, mtu mzima mwenye vyeti.

Na hivyo ndivyo alivyonikuta mzee.

Mzee huyo alikuwa baba wa mwalimu mmoja wa shule ya msingi pale mjini, binti niliyetaka kumuoa. Alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi katika kijiji kilicho njia ya kwenda Kasanga, Mkatoliki wa jumapili zote, mtu asiyecheka ovyo. Nilikuwa nimemtuma mshenga, katekista mstaafu mwenye maneno mazuri, akaeleze nia yangu na hasa akaieleze stashahada. Mzee alisikiliza, akasema atajibu. Kumbe kabla ya kujibu alipanda lori la mahindi akaja mjini bila kumwambia mtu, ili anitazame mwenyewe kazini.

Alinikuta katika kibanda changu cha ufundi, saa nne asubuhi, siku ya kazi. Redio za watu zilikuwa wazi mezani, matumbo nje. Stashahada ilikuwa ukutani ndani ya fremu. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, natazama kioo cha televisheni, najipiga magoti na kufuta machozi kwa sababu tembo mmoja wa kuchorwa alikuwa amekaa juu ya baiskeli. Nilisikia mtu amesimama mlangoni, nikasema karibu bila kugeuka. Nilipogeuka alikuwa ameshaondoka.

Jibu lililetwa na mshenga jumapili iliyofuata. Alilizungushia maneno mengi ya heshima, lakini mwisho ilibidi alitoe. Mzee alisema: "Nimemwona kwa macho yangu. Binti yangu simpi katuni."

Kwetu kumwita mtu katuni maana yake hana uzito, ni wa kuchekwa tu. Ningeweza kuvumilia matusi mengine. Lakini mimi? Niliyejisomesha? Mchumba wangu alilia siku moja, siku ya pili akanyamaza, siku ya tatu akaniambia wazi kwamba yeye hataolewa kwa kumkimbia baba yake. Baba akikataa mpaka mwisho, basi ndiyo mwisho. Alisema hivyo huku akisahihisha madaftari, bila kuinua kichwa, na hapo nikajua hatanii.

Nikafikiri kama mtu aliyesoma. Mzee anadharau kitu asichokijua. Dawa yake ni kukijua. Mtu akiona katuni moja tu, vizuri, amekaa, atacheka. Akicheka, ataelewa kwa nini nilicheka. Akielewa, jina litaniondoka. Nilimtuma mshenga akaombe ruhusa ya kupeleka televisheni kijijini, jumapili baada ya misa, bure kwa kila mtu. Mzee alikubali, nadhani kwa sababu majirani walishasikia kabla yake.

Mchumba aliniuliza nitapeleka mkanda gani. Nilikuwa nimeshachagua, tena kwa akili. Mkulima apelekewe mkulima. Nilikuwa na katuni moja ya mkulima mwenye suruali ya mikanda na ndege mdogo mwekundu, mnene kama chungu, anayekula ngano yake. Mkulima anamtega kwa kila namna, na kila mtego unamgeukia mwenyewe. Mwisho ndege anamaliza shamba zima, anapanda juu ya kofia ya mkulima, analala. Niliiona zaidi ya mara ishirini na sikuwahi kuichoka.

"Ndege anamaliza shamba?" mchumba akauliza.

"Lote. Subiri uone anavyolimaliza."

Alinitazama kama anavyotazama mtoto aliyejibu haraka, akasema ananiachia mwenyewe, mimi ndiye msomi.

Barabara ya lori iliishia mbali na nyumba. Jirani wa mzee, mfugaji Msukuma aliyehamia kule na ng'ombe wake, alikuja na mkokoteni kupokea jenereta ya kuwashia televisheni. Njia nzima alinihoji kama ndani ya picha kuna ng'ombe. Nilimwambia hamna. Alinisikitikia.

Sebule ya mzee ilijaa mpaka dirishani. Tuliziba mwanga kwa mablanketi na magunia, jenereta ikawekwa nyuma ya nyumba, lakini hata hapo ilinguruma kiasi kwamba aliyetaka kusema lazima apaze sauti. Nilimpa mzee shikamoo. Aliitikia marahaba kama mtu anayelipa ushuru. Kiti chake kilikuwa cha mbele. Mchumba alisimama kwenye mlango wa kwenda jikoni, mikono ameikunja kifuani.

Nikawasha. Shamba likatokea, la njano, limeiva mpaka ukingoni mwa kioo, na mkulima akaja na jembe begani. Chumba kizima kikanong'ona. Mimi najua ile ilikuwa ngano. Wao waliona ulezi, na sikuona sababu ya kubishana.

Msukuma akauliza kwa sauti, kwa faida ya wote, steringi ni yupi.

Nilifungua mdomo kujibu kwamba ni ndege. Mzee akanitangulia. Alisema, bila kugeuka, "Si huyo mwenye jembe?"

Basi watu wakatulia, wakakaa vizuri, maana sasa mambo yalieleweka. Steringi ana jembe, na steringi hashindwi. Hapo ndipo jasho liliponitoka. Nilikuwa nimeiona katuni ile zaidi ya mara ishirini, na kumbe sikuwahi kumtazama mkulima. Mimi, niliyekesha utoto wangu kwenye vichanja vya kuwinga ndege, kombeo mkononi, sauti imekauka kwa kelele, nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam nikahamia upande wa ndege.

Ndege akashuka, akala mstari wa kwanza. Hakuna aliyecheka. Mkulima akatega wavu, ukamnasa mwenyewe. Bibi mmoja akasema pole. Akaleta baruti, ikamlipukia. Wakasema pole tena, wengi zaidi. Kila mtego ulipoharibika walijipa moyo kwamba mwisho unakuja. Wanaume walimpa mkulima mashauri kwa Kifipa, wakamwelekeza pa kusimama. Ndege alikula mstari hadi mstari, akifuta mdomo, na mimi niliyeujua mwisho nilikuwa nahesabu mimea iliyobaki.

Shamba likaisha. Ndege akapanda juu ya kofia, akalala, na muziki wa furaha ukapigwa.

Mzee akainuka.

"Aliyetengeneza kitu hiki hajawahi kulima," alisema. "Na nyinyi huko mjini, mtu akiliwa shamba lake, ndiyo mnajipiga magoti?"

Hakunipigia kelele. Alisema kama anayeuliza kweli, na ndivyo nilivyofanya, mara ishirini. Akaanza kupita katikati ya watu kuelekea mlangoni. Nilimwona mchumba amefumba macho. Nikarukia deki kuuzima mkanda kabla muziki haujaniongezea aibu, na vidole vyangu, vidole vya fundi mwenye stashahada, vikabonyeza kitufe kisicho chake. Badala ya kuzimika, mkanda ukaanza kurudi nyuma na picha zake.

Ndege akaamka, akashuka kutoka kwenye kofia kinyumenyume. Akainamia ardhi tupu, akafungua mdomo, na shuke zima likatoka likasimama wima. Akarudi hatua moja, akatoa jingine.

"Anatapika," bibi mmoja akasema.

Mzee alikuwa ameshashika blanketi la mlangoni. Akageuka.

Mstari wa kwanza ukajaa, wa pili ukajaa. Baruti ikaumeza moto na moshi wake, masharubu ya mkulima yakaota. Wavu ukamwachia. Kila hasara iliyompata ilimtoka, moja baada ya nyingine, na ndege alizidi kukonda akitapika kwa haraka kama mtu aliyeshikwa na wenye mali. Wanawake ndio walioanza kucheka. Kisha Msukuma. Mzee alirudi taratibu, hakukaa kwenye kiti chake, alichuchumaa mbele ya kioo kabisa, na kila shuke liliposimama alitikisa kichwa kama anayepokea. Shamba lilipojaa mpaka ukingoni, mkulima akaweka jembe begani, akaondoka kurudi kwake kinyumenyume. Ndipo niliposikia sauti ambayo mke wa mzee alisema baadaye hajaisikia tangu wajukuu wabatizwe. Mzee alikuwa anacheka, na anafuta machozi.

Aliponyamaza alinigeukia.

"Hii ndiyo picha yenyewe. Kumbe ulituanzishia mwisho. Wewe kijana, umesoma miaka yote hiyo, hujui mkanda unaingia upande gani?"

Watu wote walinitazama. Mtu ambaye hakuihangaikia shule hawezi kujua lilivyoniuma swali lile. Nilikuwa na maelezo kamili: namna mkanda unavyozunguka, namna kichwa cha deki kinavyosoma, kwa nini haiwezekani kabisa kuuingiza kinyume. Maelezo hayo yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Mchumba wangu, aliyejua vizuri kwamba mkanda ulikuwa unarudi nyuma tu, alikuwa mlangoni pa jikoni ameziba mdomo kwa kitenge, na macho yake hayakucheka hata kidogo. Yalikuwa yananisubiri.

"Nimekosea, baba," nikasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Akasema turudie, lakini wakati wa kuurudisha mkanda mwanzo, yaani mwisho, televisheni ifunikwe, watu wasione tena hasara ya mwenzao. Mama mmoja akavua kitenge cha begani tukakifunika kioo. Tulipokuwa tunasubiri, mzee alimwita mshenga karibu, akamwambia kwa sauti iliyoshinda jenereta kwamba amechunguza upya. Katuni ni yule ndege. Huyu ni fundi asiyekuwa makini, na amekiri kosa mbele za watu, jambo ambalo wasomi wengi hawaliwezi. Aje jumapili ijayo na wazee wake, wazungumze.

Tumeoana. Nimefungua baadaye vibanda vitatu vya ufundi, nimesomesha watoto wanne, na nimetengeneza deki nyingi kuliko fundi yeyote wa Rukwa. Anayebisha aje tuhesabu. Lakini katika kijiji kile, kila nilipofika na begi langu la vifaa, walinionyesha kwa upole upande ambao mkanda huingia. Mzee alifanya hivyo mpaka alipozeeka kabisa, na mimi kila mara nilimshukuru.